Wifi na Doa la Kwenye Kuba

Wifi yangu ameajiriwa kuzima taa. Nikiwaambia wateja wangu hivyo wanadhani natania, lakini ndiyo kazi yenyewe. Yuko kwenye jumba la nyota, lile jengo la duara lenye kuba juu, ambamo watu wanaingia mchana kweupe, wanajilaza kwenye viti vinavyoegemea nyuma, taa zinazimwa, na mbingu nzima inatandazwa juu ya vichwa vyao. Anayezizima hizo taa na kuitandaza hiyo mbingu ni yeye. Anakaa nyuma kabisa, kwenye meza yenye vitufe vingi kuliko vifungo vya mashati yote ninayopiga pasi kwa wiki. Watoto wa shule walimbatiza Mama Swichi, na jina likamganda.

Mumewe ni mdogo wangu, fundi wa friji na viyoyozi, mtu mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Mimi ni dobi. Nawataja mapema kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake katika kisa hiki, na sipendi kuulizwa katikati huyu ni nani. Na niseme mapema vilevile kwamba kisa kiliisha salama, maana kuna watu roho zao nyepesi.

Basi, wifi ni mtu wa taratibu mpaka anakera. Ukimwomba chumvi, atatafuta kwanza kijiko cha chumvi. Lakini kazini utaratibu huo ndio uliomwinua. Aliingia pale kufuta viti. Enzi hizo mezani alikaa bwana mmoja aliyekuwa akizima taa zote kwa mpigo, watoto wanapiga mayowe, wengine wanajikojolea, na wifi ndiye wa kufuta. Bwana yule alipoondoka wakamjaribu yeye, na yeye hakuzima taa, alilizamisha jua. Kuna kitufe cha kuzungusha. Anakizungusha huku anapumua, pumzi hii anga inapata rangi ya chungwa, pumzi ile inaingia zambarau, mpaka unajikuta uko gizani na huna habari uliingia lini. Anasema jicho halitaki kushtuliwa, linataka kubembelezwa, na likibembelezwa linaona hata nyota ndogo kabisa. Mtu anayeyajali macho ya wenzake namna hiyo, ndiye yaliyomkuta haya.

Baba yake ni fundi saa. Nasema ni, ingawa hajagusa saa miaka mingi, kwa sababu mwenyewe hajakubali kwamba ameacha. Anakaa nao pale nyumbani, chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na haoni kabisa. Macho yake hayakwisha siku moja. Yalianzia gizani. Mchana alikuwa anaona mpaka vijino vya gurudumu la saa ndogo ya mkononi, ila jua likizama anapamia vigoda na kumimina chai nje ya kikombe. Halafu giza likaanza kumla kutoka pembeni, kushoto na kulia, likasogea ndani kidogo kidogo mpaka likakutana katikati. Daktari aliwaambia kwamba ni ugonjwa wa ukoo, watoto wanaweza kuupata na wanaweza wasiupate. Wifi alikuwa msichana, ndiye aliyekuwa amemshika baba yake mkono pale kwenye benchi. Maneno yale aliyasikia, akayafungia moyoni, na hakumwambia mtu yeyote mpaka akaolewa kwetu.

Sasa mwaka huu, baada ya lile joto kali lililoua kiyoyozi cha jumba la nyota, ikatokea. Yuko mezani kwake, jua ameshalizamisha, nyota zimejaa, akaona kushoto, pembeni kabisa mwa jicho, pana giza. Nyota zikifika pale zinafifia, zikishapita zinawaka tena. Akafumba jicho la kulia, giza lipo. Akafumba la kushoto, giza lipo. Mtu aliyetulia angesema kwamba ikiwa macho yote mawili yanaona kitu kilekile mahali palepale, basi kitu hicho kiko nje ya macho. Lakini hofu haikai ikapiga hesabu. Alichojiambia yeye ni kwamba yameanza yote mawili kwa pamoja, kama ya baba. Akitoka nje kwenye jua, doa halipo. Akiwa nyumbani na taa zinawaka, halipo. Gizani tu ndiko liliko, na ya baba yalianzia gizani.

Mtasema, si angegeuza tu shingo akalitazama vizuri? Nilimuuliza hivyohivyo, tena kwa ukali. Akanijibu kwamba kila alipotaka kugeuka, shingo ilimwia nzito. Na kumuuliza mwenzake kazini kama naye analiona? Hapo ndipo aliponasa. Akiuliza, na mtu akamjibu "doa gani?", hukumu imeshatoka. Asipouliza, angalau kuna siku mbili tatu za kujidanganya. Kwa hiyo akajikaza kisabuni. Sehemu hiyo ya onyesho ikifika anainamisha kichwa kwenye vitufe kana kwamba ana shughuli kubwa.

Mimi wakati ule sikujua lolote, niliona vituko tu. Nilimkuta anaosha vyombo amefumba macho, nikamuuliza kama anasali. Akasema vitunguu vimemuuma, na pale jikoni hapakuwa na kitunguu hata ganda. Siku nyingine nikamkuta ameketi na baba yake, anamwomba amwonyeshe anajuaje kwamba kikombe kimejaa. Mzee akafurahi, maana anapenda kufundisha. Akamwonyesha jinsi ya kuning'iniza ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, na jinsi ya kusikiliza sauti ya chai inavyobadilika inapopanda. Kisha akauliza, anataka kujua ya nini. Wifi akasema kuna mgeni kazini ambaye haoni, wanataka kumkaribisha vizuri. Mzee akakisukuma kikombe chake kando. Chai yake aliiacha ikapoa.

Mdogo wangu naye akaja kibandani kwangu kulalamika. Eti siku hizi Mama Swichi anamkodolea macho akiwa anakula, kama mtu anayetaka kumchora. Nikamwambia kwa utani kwamba huenda kuna jambo lake amelijua. Jamaa akabadilika uso, akasahau hata suruali aliyokuja kuchukua. Nikasema moyoni, haya, na huyu ana lake. Nilidhani ni mwanamke, nikaanza kumpangia maneno.

Kumbe wifi alikuwa anazihifadhi sura. Ya mumewe, ya wanawe, hata yangu mimi na makunyanzi yangu. Na kazini alikuwa anajifunza vitufe vyote kwa vidole, jua, mwezi, muziki, mlango wa dharura, ili giza likija limkute ameshajipanga.

Ndipo likaja onyesho jipya. Mkuu wa jumba la nyota, kijana mwenye ndevu chache na furaha nyingi, ndiye anayesimama mbele na kusimulia, na alikuwa amelipika onyesho hilo kwa muda mrefu. Lilihusu ile darubini iliyopelekwa juu kabisa, nje ya hewa yetu, na mambo iliyoyagundua huko. Wifi aliamua kwamba ataliendesha siku ya kwanza tu, mbele ya walimu na wageni, halafu atamwendea Mkuu na kumrudishia funguo. Hakutaka aje akosee kitufe siku moja mbele ya darasa la watoto, halafu ijulikane kwa njia hiyo. Alitualika sote, mumewe, baba yake na mimi. Mzee kwa kuwa haoni tulidhani atakataa, akasema nyota hazina kelele lakini wanaozisema wana sauti, yeye atasikiliza.

Nilichelewa. Mteja mmoja alikuwa anaoa kesho yake na koti lake lina madoa ya mafuta, ningelitupaje? Nilipofika viti vimejaa, wifi akanivutia kigoda nikakaa kando ya meza yake, huku nyuma, tunaangalia upande mmoja. Alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mikono ilikuwa ya baridi.

Akalizamisha jua. Sijawahi kuliona likizama vizuri vile. Hata walimu, watu ambao hawanyamazi wakiwa pamoja, walinyamaza.

Mkuu akaanza. Akasema darubini ile ilipofika juu na kutuma picha zake za kwanza, watu walishika vichwa. Zilikuwa na ukungu. Kioo chake kikubwa kilikuwa kimesuguliwa vibaya, kosa dogo kuliko unene wa unywele, lakini huko juu kosa ni kosa. Wakaicheka katika magazeti. Baadaye watu wakapanda hukohuko juu, wakaivisha vioo vidogo vya kurekebisha, tuseme wakaivisha miwani, na ikaona. Niliposikia hapo nilicheka. Wifi pembeni yangu alimeza mate kwa sauti.

Tukaonyeshwa mawingu ya vumbi ambamo nyota zinazaliwa, mekundu na ya kijani, marefu kupita akili. Tukaonyeshwa sayari zinazolizunguka jua lisilo letu. Kisha Mkuu akateremsha sauti. Akasema siku moja wenye darubini waliamua kuielekeza mahali padogo, peusi, ambapo hapakuonekana kitu. Wengine walisema ni kupoteza muda. Akatuambia kila mmoja atafute juu mahali peusi, akazie macho, asiyaondoe. Yeye alikuwa na kitaa chake cha kuelekezea, nadhani alimulika mbele, ila mimi kutoka kwenye kigoda changu sikukiona. Nikatafuta mwenyewe. Na peusi palikuwepo, kushoto, chini kidogo, peusi kweli. Nikapakazia.

Mara ukumbi mzima ukatoa mguno. Mbele kule giza lilikuwa limefunguka, galaksi zimemiminika kwa maelfu, kubwa na ndogo, za mviringo na za mkia, na Mkuu anasema kila moja ina nyota zake zisizohesabika. Mimi pangu pakabaki vilevile. Nikasubiri, huenda zinachelewa. Wapi. Nikageuza kichwa nikapatazama kwa upande, nikaona sasa ninachokitazama. Nimelala na madoa, nimeamka na madoa, doa silikosei.

Wifi akaliamsha jua taratibu. Watu wakapiga makofi, Mkuu akafuta jasho na kuuliza nani ana swali. Mwalimu mmoja akauliza lake, mwingine lake. Mimi nikanyoosha mkono. Wifi akanivuta sketi nikae, anajua mdomo wangu hauna breki, lakini nilikuwa nimeshasimama.

"Mkuu," nikasema, "umetuambia tukazie macho mahali peusi, nimekaza mpaka machozi yamenitoka. Pa wenzangu pamejaa galaksi. Hapa pangu kushoto mbona pamebaki doa?"

Watu wakacheka. Mkuu naye akacheka, akauliza doa lenyewe liko wapi, nikamwonyesha. Akasema haoni kitu kwa mwanga ule, akamwomba Mama Swichi arudishe nyota.

Nyota hazikurudi. Nikageuka, nikamkuta wifi ananitazama mimi, mdomo wazi, mikono iko hewani juu ya vitufe.

"Wifi," akaniuliza, "unaliona?"

"Nitaachaje kuliona? Si lile pale."

"Unaliona kweli, au unatania?"

Nikamwambia kama natania pasi iniunguze. Basi yeye, mtu wa kuzamisha jua kwa pumzi, akazima taa zote kwa mpigo. Ukumbi ukapiga mayowe. Nyota zikajaa. Mkuu akaja akipapasa viti mpaka mezani kwetu, akasimama nyuma yetu, akatazama kushoto.

"Hata mimi naliona," akasema.

Na watu wakageuka kwenye viti vyao, mmoja akasema lile pale, mwingine akasema ndiyo, karibu na mlango, mwingine akasema mbona kubwa. Kila sauti iliyosema naliona, wifi alikuwa anashuka kwenye kiti chake, mpaka akafika sakafuni. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mkuu wa watu akadhani analia kwa aibu ya kuba kuchafuka, akaanza kumbembeleza kwamba si kosa lake, litapakwa rangi, na yeye anazidi kulia. Nikapiga magoti nikamshika, na palepale chini, kwenye giza, akaninong'oneza yote, kuanzia kwenye benchi la daktari. Nilimtukana kwa mapenzi, nikamwambia mjinga wee, miezi yote hii, na machozi yananitoka mwenyewe.

Mkuu alipata kitufe cha mwanga mweupe, kuba lote likang'aa. Doa likajianika. Halikuwa la duara. Lilikuwa na bega, likawa na kiwiko, na chini yake mburuzo mpana wa kitambaa kibichi. Kila mtu aliona kwamba ni mgongo wa mtu.

"Ni wangu," akasema mdogo wangu kutoka safu ya tatu.

Akasimama akaungama mbele ya walimu wote. Alipoitwa kutengeneza kiyoyozi alipanda jukwaa la fundi mpaka kwenye tundu la hewa ukutani mwa kuba. Mkewe alikuwa ameshamwimbia nyumbani kwamba kuba haliguswi, hata kwa ncha ya kidole, mafuta ya ngozi yanaharibu ile rangi yake. Mguu ukateleza, akaegemea, na shati limejaa grisi. Akafuta kwa kitambaa cha maji, likatanda. Taa zilikuwa hafifu, akajiambia halionekani, akanyamaza. Alisema Mkuu hamwogopi sana, anayemwogopa ni Mama Swichi, na tangu hapo kila anapokodolewa macho mezani alijua ameshikwa. Hapo nikafuta moyoni maneno yote niliyompangia.

Wifi hakumsikiliza hata nusu. Alikuwa amekwenda kwa baba yake, aliyekuwa amekaa wima anauliza kulikoni. Akapiga magoti mbele yake akamweleza, kwamba alidhani yameanza, na kwamba siyo. Mzee akampapasa uso, akayafikia macho, akayagusa yote mawili kwa kidole gumba.

"Nilijua tangu ile chai," akasema. "Kila siku nimeomba ugonjwa huu uishie kwangu."

Mimi nina roho ngumu, lakini pale nilitoka nje kwanza.

Hata hivyo doa la kuba halikuwa cheti cha macho, nikamwambia hivyo kesho yake asubuhi, na safari hii hakukwepa. Tukaenda kliniki. Wakamfungia katika chumba cha giza, wakamwonyesha vitaa vidogo pembeni, kushoto, kulia, juu, chini, akawa anabonyeza kengele kila anapokiona kimoja. Mimi nilikuwa mlangoni nasikiliza kengele, na sijawahi kupenda kelele kiasi kile. Daktari akasema ule ugonjwa wa baba yake hauoni kwake. Arudi kila mwaka aangaliwe, na anunue miwani ya kusomea, maana umri umefika. Wifi akashusha pumzi ndefu, pumzi ya kuzamisha jua zima.

Mdogo wangu alikuwa anatungoja nje. Wifi akamwambia yote, majibu ya daktari, ile hofu, vyombo alivyoosha amefumba macho, jinsi alivyokuwa akiihifadhi sura yake mezani. Jamaa akasikiliza ameinama. Mwishowe akainua kichwa.

"Kwa hiyo muda wote ule gizani, ulikuwa unaniona mimi."

"Nilikuwa nakuona wewe," wifi akasema. "Nikakudhani upofu."

Akacheka. Mumewe naye akacheka, wakacheka mpaka wagonjwa kwenye foleni wakaanza kucheka bila kujua cha kuchekea, na mdogo wangu nguvu zikamwishia akaegemea. Nikamwambia atoe mgongo wake kwenye ukuta wa watu.